Barua ya Ajira ya Mngoni

Mtu anayedhani kuajiri mtaalamu mwandamizi wa programu za kompyuta ni kubandika tangazo na kusubiri simu ilie, hajawahi kukalia kiti cha Biasha Likwata pale Kilwa Masoko. Biasha alikuwa afisa ajira wa Chemchemi Tano, kampuni ya maji, na tangu mwezi wa sita alikuwa anatafuta mtu mmoja tu. Mmoja. Kufikia katikati ya Septemba mumewe alikuwa ameshazoea kumsikia akitaja usingizini majina ya wanaume wasiojulikana, na wala hakuwa na wivu tena, alikuwa anamwonea huruma.

Kampuni ilivuta maji kutoka visima vya Mitole na kuyasukuma kwa mabomba hadi Masoko na vijiji vya njiani. Pampu zenyewe zilikuwa nzima. Shida ilikuwa kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa kando ya kila pampu, vyenye programu ya kuiwasha na kuizima pampu kulingana na maji yaliyomo tangini, na ya kuzungumza na ofisi kwa redio. Wageni walioitengeneza programu hiyo mkataba wao ulikuwa unakwisha tarehe thelathini Septemba, na walishaanza kufunga mizigo. Asipopatikana mtu wa kurithi mikoba yao, visanduku vyote vingezimwa na pampu zingerudi kuwashwa kwa mkono. Hakuna mtu Masoko aliyesahau enzi hizo, maji mara mbili kwa wiki na foleni za madumu tangu alfajiri. Bodi ilimwambia meneja, na meneja akamwambia Biasha, kwamba kumpata mtu huyo ni kazi yake, na akikosekana lawama nayo ni yake.

Tangazo la kwanza lilileta maombi sitini na moja, na Biasha aliyasoma yote. Walikuwamo waliojaza kurasa nne za vyeti na hawajawahi kugusa kitu chenye waya. Alikuwamo aliyeandika kwamba anajua lugha zote za kompyuta, na Biasha akamweka pembeni palepale, maana anayejua zote mara nyingi hajui hata moja. Walikuwamo vijana wazuri tu wa kutengeneza tovuti, wenye adabu na barua tamu, lakini kisanduku cha pampu kina kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu, na kosa la mstari mmoja linafurikisha tangi au linalikausha. Biasha hakusomea mambo hayo. Alimkalia kooni Nurdin, fundi mkuu wa pampu, wiki baada ya wiki, mpaka akajua cha kuuliza na jibu gani ni la mtu anayejua na jibu gani ni la mtu anayejaribu bahati yake.

Wawili walikaribia. Wa kwanza alifaulu usaili, akatumiwa barua, na asubuhi ya kuripoti akapiga simu kusema benki moja ya Dar imemchukua. Wa pili alifika Masoko mwenyewe, akaoneshwa ofisi, akala samaki, akasifu upepo, kisha akauliza shule ya kimataifa ya wanawe iko mtaa gani. Hakuonekana tena. Bwana Klementi, meneja, Mhaya mpole asiyejua kupandisha sauti, alimwita Biasha na kumwambia taratibu kwamba zimebaki siku kumi na sita. Ule upole wake ndio uliomtisha Biasha, angekaripiwa angalau angejua pa kushika.

Ndipo akatokea Damiani Ngonyani.

Alikuwa Arusha, ana miaka thelathini na tisa, na kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia kuandika programu za mitambo ya umwagiliaji na vyumba vya baridi vya kuhifadhia maua. Walimsaili kwa video, Biasha na Nurdin wamekaa bega kwa bega mbele ya kompyuta. Nurdin akampa mtihani aliowapa wote: pampu zote zinasimama kwa pamoja, bila onyo, zikizimwa na kuwashwa upya zinakwenda vizuri, kisha baada ya muda zinasimama tena. Tatizo ni nini? Waombaji wengine wote waliomba waoneshwe programu, wakaanza kuchakurachakura. Damiani aliuliza kama kuna mtu aliyeandika tarehe ambazo pampu zilisimama.

Nurdin alikuwa ameziandika. Alikuwa na daftari la shule mfukoni, tarehe na saa kwa kalamu, zimechanganyika na siku za kliniki za mama yake. Akazisoma moja moja. Yule mtu kwenye kioo akaangalia juu, midomo ikicheza.

"Ni siku ishirini na nne na saa ishirini na nusu," akasema. "Kila mara. Hebu angalia."

Nurdin akaangalia, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Ilikuwa vivyo hivyo. Damiani akaeleza kwamba programu inahesabu muda tangu pampu iwashwe, vipande elfu kwa kila sekunde, na imepewa namba ndogo ya kuuhifadhi. Ni debe, likijaa linamwagika. Siku hiyo ikifika hesabu inaruka na kuwa hasi, kisanduku kinadhani muda umerudi nyuma, na kwa usalama kinazima kila kitu. Dawa yake ni kazi ya siku mbili, tatu kwa kupima. Nurdin, ambaye mwaka mzima alikuwa akishuku mwezi mwandamo na hakuthubutu kumwambia mtu, alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Huyu," akasema.

Biasha hakuhitaji kuambiwa. Aliwapigia simu wadhamini watatu wa Damiani, wote wakamsifia bila kusitasita. Akapeleka barua kwa Bwana Klementi, ikasainiwa, na Alhamisi saa tano asubuhi akaituma Arusha kwa barua pepe, imenyooka, ina mhuri, haina kosa hata la nukta. Kisha akaegemea kiti, akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba tangu mwezi wa sita. Angeishia hapo hadithi ingekuwa fupi na mimi nisingekuwa na cha kusimulia.

Hakuishia hapo. Biasha ni Mmatumbi wa Kinjumbi, na Ngonyani ni jina la Wangoni, na mtu wa kusini akisikia hivyo ameshaanza kutabasamu. Wazee husimulia kwamba zamani Wangoni walikuja na mikuki, wakapigana na Wamatumbi, na vita vilipokwisha yakabaki maneno. Huo ndio utani. Mngoni na Mmatumbi wakikutana hata kwenye foleni ya hospitali, kila mmoja atamwita mwenzake mtumwa wake mtoro, atamdai vitu vya kubuni, atamtukana mpaka wapita njia wasimame, na hakuna anayekasirika. Kumtania mtu ni kumwambia kwamba wewe si mgeni kwangu. Biasha alikulia ndani ya maneno hayo. Kwa furaha aliyokuwa nayo, barua ya kampuni aliiona kavu mno kwa mtu aliyewaokoa. Akachukua simu yake mwenyewe, akafungua wasap, akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

"Wewe Ngonyani, mtumwa wetu mtoro," akasema. "Miaka yote tunakutafuta, kumbe umejificha Arusha kwenye baridi. Mabwana zako Wamatumbi tumekuona. Rudi mwenyewe kwa miguu yako kabla hatujakufuata na kamba. Utalala stoo na madumu, utakula ukoko, na hiyo akili ya kuhesabu siku uliiba kwetu, utairudisha."

Akacheka mwenyewe, akaituma, akaenda kunywa chai.

Alama mbili za buluu zilitokea dakika hiyohiyo. Jibu halikuja. Ijumaa halikuja. Jumamosi Biasha akajiambia kwamba Mngoni anatunga matusi ya maana, mwache. Jumapili hakujiambia kitu.

Jumatatu asubuhi Bwana Klementi alimwita, akamkaribisha kiti, akageuza kompyuta yake ili asome mwenyewe. Damiani alikuwa ameandika kwa meneja mistari mitatu. Alishukuru kwa nafasi. Akasema kwamba siku ileile aliyopewa barua ya ajira, afisa aliyempa alimtumia sauti ya kumwita mtumwa na kumwambia atalala stoo. Akasema hatakuja, na sauti hiyo ameiambatanisha.

"Uliyasema haya?" meneja aliuliza.

"Ni utani, bosi. Mimi Mmatumbi, yeye Mngoni."

"Mimi najua ni utani. Bodi nao wengi wao wanajua. Lakini hii ni karatasi, Biasha, na karatasi haicheki."

Akamweleza, kwa upole uleule, kwamba Alhamisi saa kumi jioni anatakiwa kuiambia bodi jina la mtaalamu aliyesaini. Akiwa na jina, yamekwisha. Asipokuwa nalo, itabidi aeleze kwa nini, na barua hii itakwenda pamoja na maelezo. Hakusema Biasha atafukuzwa. Biasha alikuwa afisa ajira miaka kumi na minane, hakuhitaji mtu kumtafsiria.

Aibu ndiyo iliyomuuma kuliko kazi. Alikuwa amefikiria anamkumbatia mtu, kumbe amempiga kofi. Alimpigia Damiani mara nne, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaandika maelezo marefu ya kuomba radhi, akaeleza utani ni nini, akafuta, akaandika upya. Baada ya saa moja likaja jibu la mstari mmoja: nimekusamehe dada, ila uamuzi wangu ni uleule. Msamaha huo ulimnyima hata nafasi ya kubishana.

Nurdin alimkuta kwenye ngazi za nyuma. Alisikiliza yote, akakuna kidevu. Yeye ni Mmwera, utani anaujua kama chumvi ya nyumbani kwao, na hakumhurumia.

"Umemtania mtu hujamsalimia," akasema.

Alisema kweli. Utani una mlango wake. Kwanza mnasalimiana, mnaulizana habari, wa wapi wewe, baba yako nani, mama yako katoka wapi, kitovu chako kimezikwa upande gani. Ukishajua mwenzio amelelewa na nani, ndipo mdomo unafunguliwa. Biasha aliliona jina Ngonyani juu ya karatasi akadhani ameshaulizia yote. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma wasifu wa watu, lilikuwa kosa la kijinga, na alijiambia hivyo kwa maneno makali zaidi ya haya.

Jioni ya Jumatatu alilitoa tena faili la Damiani. Hakujua anatafuta nini. Alizaliwa Moshi, amesoma Moshi, jina la mama ni la Kichaga. Songea haikutajwa popote, isipokuwa mahali pamoja, kwenye fomu ya kampuni, pale panapoulizwa mtu wa kuwasiliana naye ikitokea dharura. Hapo ameandika: Dativa Ngonyani, shangazi, Songea. Na namba ya simu.

Biasha aliijua fomu hiyo vizuri, aliitunga yeye. Namba hiyo ni ya ajali na misiba, si ya kutatulia matatizo ya afisa ajira aliyeropoka. Alilala na faili akilini, na Jumanne asubuhi akawa amejishawishi kwamba mji mzima kukosa maji nayo ni dharura. Mwanasheria yeyote angeichana hoja hiyo vipande vipande. Biasha hakuuliza mwanasheria, alipiga simu.

"Shikamoo mama. Naitwa Biasha, napiga kutoka Kilwa."

"Marahaba, mwanangu. Kilwa hiyo ya Wamatumbi?"

"Ndiyo mama. Mimi mwenyewe Mmatumbi, wa Kinjumbi."

"Mmatumbi kapiga simu," mama yule akasema, kana kwamba anaitangazia nyumba nzima. "Nani kakusaidia kubonyeza?"

Akaendelea hivyo bila kuvuta pumzi. Aliuliza tangu lini watumwa wanawasumbua mabwana zao wakati wa kuchambua maharage. Aliuliza kama Wamatumbi siku hizi wamejifunza kuvaa viatu au bado wanavibeba kichwani. Yalikuwa matusi ya ufundi, ya mtu mzima aliyebobea, na siku nyingine Biasha angeyajibu moja baada ya jingine mpaka salio liishe. Siku hiyo alijaribu kufungua mdomo akajikuta analia. Shangazi Dativa akanyamaza ghafla. Mmatumbi asiyejibu, kwake, alikuwa mtu aliyefikwa na jambo.

"Sema, mwanangu. Nani kafa?"

Biasha alimweleza yote, hata sauti aliyoituma, neno kwa neno, maana hakuona sababu ya kujipunguzia. Alipofika kwenye ukoko shangazi alicheka kidogo. Alipofika kwenye barua ya kukataa kazi hakucheka tena. Kisha akaanza kusimulia, polepole, habari za kaka yake Valerian, baba yake Damiani.

Valerian alifia Moshi alikokuwa akifanya kazi, na wakamleta kumzika kijijini nje ya Songea. Damiani alikuwa na miaka minane, hajawahi kufika kwao, wala mama yake hajawahi. Siku ya mazishi watani walikuja, kama wajibu wao ulivyo. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja Mmatumbi aliyeolewa pale kijijini. Aliingia ndani akalivaa koti la marehemu. Akatoka nalo mbele ya watu wote akitembea kama Valerian alivyokuwa akitembea, bega moja chini, kisha akaenda kulala kifudifudi kando ya kaburi na kusema hazikwi mtu hapa mpaka marehemu amrudishie jembe lake. Waombolezaji wakaangua kicheko. Mtoto akaona watu wanamcheka baba yake aliyekufa. Alimrukia yule mama akamuuma mkono mpaka damu ikatoka. Kesho yake asubuhi mama yake alimchukua wakaondoka.

"Hakurudi tena," shangazi alisema. "Simu anapiga. Dawa zangu za presha ananitumia kila mwezi, hajakosa. Lakini kurudi hakurudi, na sisi tukasema ni mambo ya mjini. Miaka thelathini na moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa naye akamwambia yule mama alikuwa anafanya nini."

Biasha alielewa sasa kwamba sauti yake haikumfikia Damiani kama neno moja la kijinga kutoka kwa mtu asiyemjua. Ilimfikia kama kicheko cha siku ile.

"Mimi nilikuwa sijalia, unajua," shangazi aliendelea. "Siku tatu machozi yamegoma, kifua kimeziba, watu wananiogopa. Alipopita na lile koti, bega chini, nikamwona kaka yangu. Nikacheka. Nilipocheka tu, machozi yakatoka. Yule mama ndiye aliyenipangusa uso, na mkono wake umefungwa kitambaa." Akavuta pumzi. "Nitampigia Damiani. Hili ni letu, si lako. Lako ni hilo domo."

Jumanne ikaisha. Jumatano asubuhi haikuleta kitu. Biasha alifanya kazi kwa mazoea, akajibu barua ambazo baadaye hakukumbuka amezijibu. Mchana simu ikaita, na alipoliona jina alisimama wima kama anaitwa mahakamani. Nyuma ya sauti ya Damiani kulikuwa na mngurumo na upepo, ikawa vigumu kumsikia. Alimsalimia kwa heshima, akamwita dada, akasema ana swali moja tu.

"Yule mama alikuwa anamcheka baba?"

Biasha hakuwapo Songea siku ile. Alikuwa mtoto mwenyewe, Kinjumbi. Lakini misiba aliyohudhuria ilikuwa mingi, na kwenye miwili alivaa yeye mwenyewe nguo za marehemu.

"Hapana," akasema. "Alikuwa anamlilia. Watani hawaruhusiwi kulia pale, wana kazi. Mtu wa nyumbani anaruhusiwa kuanguka, mtani haruhusiwi, kwa sababu yeye ndiye atakayewainua. Ukiona kaigiza mwendo wa marehemu mpaka watu wakamtambua, jua alimpenda, maana alikuwa akimtazama."

"Na mimi," Biasha akaongeza, "nimekukosea. Nilikutania kabla sijakusalimia. Nilitakiwa nikuulize kwanza baba yako ni nani. Sikuombi uje. Nakuomba radhi tu, na hii si ya kampuni, ni yangu."

Damiani alisema ahsante. Akasema mtandao unasumbua. Simu ikakatika, na kuhusu kazi hakuwa amesema neno hata moja. Ajabu ni kwamba Biasha alijisikia mwepesi. Hofu ya Alhamisi ilikuwa palepale, haijaondoka hata hatua moja, lakini ile aibu ya kofi ilikuwa imeondoka kifuani.

Alhamisi alifika kazini mapema. Alipanga faili zake vizuri, kwa namna mtu anavyopanga vitu ambavyo mwingine atavirithi. Akaandika maelezo yake kwa bodi, ukurasa mmoja, bila kujitetea. Nurdin alichungulia mara tatu na mara zote akajifanya anatafuta kalamu. Saa saba na nusu mchana Biasha alifungua chakula chake alichonunua kwa mama wa jirani, wali na changu wa nazi, akakiweka mezani na kukitazama bila hamu.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Aliingia mtu mrefu mwenye miwani, amejaa vumbi mabegani, begi mkononi. Biasha alimtambua, ingawa kwenye kioo cha kompyuta alionekana mnene zaidi. Ule mngurumo wa jana ulikuwa wa basi. Alikuwa barabarani tangu alfajiri ya Jumatano, na alipouliza lile swali alikuwa ameshaiacha Arusha mbali nyuma yake.

Hakusalimia. Alitua begi, akasogea mezani, akaivuta sahani ya Biasha kutoka mbele yake, na bila kunawa akamega samaki.

"Nyie Wamatumbi," akasema, kwa sauti ya mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa, "nani kawaruhusu kula kabla ya bwana wenu?"

Akameza. Kisha akaongeza chinichini, "Shangazi kasema niseme hivyo. Kasema na chakula ni haki yangu."

Damiani aliendelea kula amesimama, tonge baada ya tonge, na kwenye tonge la nne au la tano miwani ikaanza kuingia ukungu. Hakuivua. Machozi yalishuka chini ya vioo yakadondokea kwenye wali, naye akaendelea kutafuna, mtu mzima mwenye akili zake, analia mbele ya mwajiri mdomo umejaa samaki. Nurdin alikuwa mlangoni, anataka kugeuka aondoke kwa adabu. Hapo Biasha alikumbuka yeye ni nani kwa mtu huyu, na kazi yake ni ipi.

"Nurdin, njoo uone," akasema kwa sauti ya kusikika hadi uwani. "Mngoni kashindwa na pilipili ya Kilwa."

Nurdin akacheka. Biasha naye akacheka, kwa sauti kubwa, kwa makusudi, akimtazama usoni. Damiani aliinua kichwa. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa ule wa mtoto wa miaka minane, hajui aume au akimbie. Kisha kitu kikalegea, akacheka, punje za wali zikamtoka, na kicheko kilipomfika kifuani akalia sasa kweli, kwa sauti, amejishika kwenye meza. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Biasha alizunguka meza, akamvua miwani, akampangusa uso kwa upande wa mtandio wake, huku akiendelea kumtukana Mngoni huyo na ukoo wake wote, taratibu, kama mtu anayebembeleza.

Walipotulia Damiani aliuliza barua iko wapi. Akaisaini pale pale, na kidole gumba chake kikaacha doa la nazi kando ya jina. Alisema Jumamosi angeomba kwenda Songea siku tatu, kuna kaburi hajaliona tangu lijengewe, na akirudi ataanza na lile debe linalomwagika kabla pampu hazijasimama tena. Biasha akajibu kwamba likizo kabla ya kazi haimo kwenye kanuni za kampuni, na papo hapo akamwandikia ruhusa.

Bwana Klementi aliipokea barua saa nane na robo. Aliliangalia doa, akamwangalia Biasha mwenye macho mekundu, akafungua mdomo kuuliza, akaona heri asiulize. Akalisoma jina la Ngonyani mara mbili na kubonyeza namba ya mwenyekiti wa bodi kwenye simu yake. Mabega yake yalishuka, na Biasha ndipo alipojua kwamba hata yule mpole alikuwa anaogopa siku zote zile.

Alirudi ofisini kwake. Damiani na Nurdin walikuwa wameshainamia daftari la tarehe, wanabishana kuhusu redio. Biasha aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akahisi njaa, njaa ya kweli, ya mtu aliyefanya kazi. Akaivuta sahani. Ilikuwa imebaki miiba mitupu, na hakumbuki siku nyingine aliyowahi kufurahi kukuta hivyo.